WMA na Utalii Vijijini Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanakijiji, wajumbe wa kamati za maliasili, viongozi wa jumuiya na kampuni ndogo za utalii. Yanahusu Tanzania, ingawa Kenya inaguswa kidogo. Kanuni za WMA zilitolewa 2002, zikaandikwa upya 2005, 2012 na 2018, kwa hiyo kabla ya kusaini chochote mwombe ofisa wanyamapori wa wilaya nakala kamili ya kanuni inayotumika sasa. Muhtasari hautoshi.

WMA ni nini hasa?

Ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori (kwa Kiingereza Wildlife Management Area): sehemu ya ardhi ya vijiji ambayo vijiji vyenyewe vimeitenga kwa ajili ya wanyamapori na matumizi yanayopatana nao. Vijiji kadhaa huunganisha vipande vyao, huandika katiba moja na kuchagua viongozi. Ikona, wilayani Serengeti, ni ya vijiji vitano. Burunge, wilayani Babati, ni ya vijiji kumi vilivyo kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. MBOMIPA ya Iringa, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ilianza na vijiji 21 pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Enduimet, wilayani Longido, imekaa kwenye njia ya tembo kati ya Kilimanjaro na Amboseli.

Msingi wake ni Sera ya Wanyamapori ya 1998 na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni kwamba mnyama anabaki kuwa mali ya umma chini ya serikali hata akilala nyuma ya nyumba yako. Kijiji kinapewa haki ya kumtumia kwa utalii au uwindaji kwa masharti maalumu. Hakipewi mnyama.

Je, kijiji kinapoteza ardhi yake?

Kisheria hapana. Ardhi inabaki kuwa ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, tofauti na hifadhi ya taifa ambako makazi hayaruhusiwi. Ila uhuru wa kuitumia unapungua, na anayewaambia wananchi kwamba hakuna kitakachobadilika anawadanganya. Eneo likishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, huwezi kulima au kujenga humo kinyume cha mpango wa matumizi mlioupitisha wenyewe. Ndiyo maana siku ya kuchora ramani ni muhimu kuliko siku ya sherehe ya uzinduzi.

Nani anahusika na nini?

Watu huchanganya vyombo hivi na kupoteza wiki nzima wakipeleka barua mahali pasipohusika. TANAPA inasimamia hifadhi za taifa tu. TAWA, iliyoanza kazi 2016, inasimamia mapori ya akiba na mapori tengefu, na ndiyo mnayokutana nayo zaidi kwenye doria na mambo ya uwindaji nje ya hifadhi za taifa. Idara ya Wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii inashughulikia sera, idhini na haki ya matumizi. Ngorongoro ina mamlaka yake, misitu iko TFS, na utafiti wa wanyamapori uko TAWIRI. Halmashauri ya wilaya ina ofisa wanyamapori, ambaye ndiye mlango wenu wa kwanza kwa karibu kila jambo, pamoja na Bodi ya Ushauri ya Maliasili ya Wilaya. Jumuiya zenyewe zina umoja wao wa kitaifa, CWMAC, unaozisemea mbele ya serikali.

Kuna pia mashirika yasiyo ya kiserikali. Honeyguide, kwa mfano, limefanya kazi na Enduimet, Burunge, Randilen na Makame katika ulinzi, mipango ya fedha na kuzuia tembo mashambani. Shirika la aina hiyo husaidia sana mwanzoni, lakini si sehemu ya uongozi wa jumuiya na halipaswi kuwa na saini kwenye akaunti ya benki ya vijiji.

Tunaanzishaje WMA? Hatua ni zipi?

Halmashauri ya kijiji hupendekeza, na Mkutano Mkuu wa Kijiji huamua. Bila uamuzi wa mkutano mkuu ulioandikwa kwenye muhtasari, wenye akidi na saini za mahudhurio, kila kinachofuata kinaweza kupingwa. Kila kijiji kinafanya mkutano wake. Mkutano wa pamoja wa viongozi wa vijiji vitano hauwezi kuchukua nafasi yake.

Baadaye kinakuja kipimo: mipaka ya kijiji, Cheti cha Ardhi ya Kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi na sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji huunda chombo chao, huandika katiba na kukisajili kama jumuiya ya kijamii. Huandaa mpango wa kanda za matumizi ya rasilimali, unaoonyesha kanda ya utalii wa picha (wa kutazama wanyama bila kuwinda) iko wapi, ya malisho wapi, ya kuni na mizinga ya nyuki wapi. Maombi hupitia wilayani hadi kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori. Waziri akikubali, eneo linatangazwa na chombo kinakuwa jumuiya iliyoidhinishwa. Haki ya matumizi huombwa baada ya hapo, na mwekezaji hutafutwa baada ya haki hiyo kupatikana. Jumuiya iliyomkaribisha mwekezaji kabla ya kuwa na haki ya matumizi haina cha kuuza, na mkataba wake ni karatasi tu.

Hesabuni miaka. Gharama kubwa iko kwenye upimaji na mpango wa ardhi, na vijiji vichache humaliza bila mfadhili.

Mchakato hukwama wapi?

Mara nyingi hukwama kwenye mpaka. Vijiji jirani havijakubaliana mpaka uko kwenye korongo au kwenye barabara, wapimaji wanafika, vijana wanang'oa alama. Malizeni ugomvi wa mpaka kwanza: wazee wa pande zote mbili watembee mpaka huo kwa miguu, alama za GPS zichukuliwe mbele yao, na wote wasaini siku hiyohiyo.

Sehemu ya pili ni watu wasiohudhuria mikutano. Wafugaji wanaohama msimu wa kiangazi, wanawake wanaokata kuni na warina asali wanarudi na kukuta eneo lao limefungwa. Katika Burunge, mgogoro wa wafugaji na Halmashauri ya Kijiji cha Vilima Vitatu ulifika hadi Mahakama ya Rufani, na wafugaji wakashinda. Kuitisha mkutano mmoja zaidi msimu ambao ng'ombe wako nyumbani ni rahisi kuliko wakili.

Mifugo inaruhusiwa kuchungwa ndani ya WMA?

Inategemea kanda mlizochora. Jumuiya nyingi za Umasaini zina kanda ya malisho ya kiangazi, na nyingine huruhusu ng'ombe hata karibu na kanda ya utalii kwa miezi fulani. Andikeni miezi, siyo maneno kama "wakati wa shida." Andikeni pia kama ronjo (kambi za muda za wafugaji) zinaruhusiwa, zikae umbali gani kutoka kambi ya watalii na chanzo cha maji, na ziondoke lini. Mpango uliosema tu "malisho yatadhibitiwa" huishia kwenye faini zinazotozwa na askari kwa kukisia.

Mapato yanagawanywaje?

Kuna migawanyo miwili. Wa kwanza ni kati ya jumuiya na serikali. Kwa kanuni za 2012, ada ya kitalu cha uwindaji iligawanywa asilimia 75 kwa jumuiya na 25 kwa Mfuko wa Kuhifadhi Wanyamapori. Ada ya mnyama aliyewindwa, kibali na tozo za utalii wa picha vina viwango vyake tofauti, na wilaya pia ina fungu lake. Kwa hiyo "asilimia yetu" si namba moja. Mwekeeni mhasibu jedwali ukutani lenye kila aina ya tozo.

Mgawanyo wa pili ni ndani ya jumuiya. Kanuni za 2005 ziliweka viwango vya chini: asilimia 50 kwenda vijijini, 25 kuendesha jumuiya na 15 kuendeleza rasilimali zenyewe. Tuseme jumuiya ya vijiji kumi imeingiza shilingi milioni 200. Vijiji vinapaswa kupata angalau milioni 100, yaani milioni 10 kila kimoja vikigawana sawa. Uendeshaji unapata angalau milioni 50, doria na miundombinu ya uhifadhi milioni 30, na milioni 20 zinazobaki huamuliwa na mkutano wa jumuiya.

Mahali penye ujanja ni hapa: viwango hivyo vinahesabiwa kwenye pato ghafi. Ukiona taarifa inayotoa kwanza mishahara, mafuta ya gari na posho za vikao, kisha inagawa nusu ya kilichobaki, vijiji vimepunjwa. Kwenye mfano wetu, gharama zikiwa milioni 90, kila kijiji kingepewa milioni tano na nusu badala ya kumi.

Jambo jingine ni ucheleweshaji. Tozo za watalii hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na hurudi kwenye jumuiya baadaye, kwa hiyo pesa za msimu wa Julai hadi Septemba haziko benki mwezi Oktoba. Jumuiya isiyoweka akiba ya angalau miezi mitatu ya mishahara ya askari huwapoteza askari hao wakati majangili wanajua fika kwamba doria imesimama.

Kambi iko kijijini kwetu. Kwa nini tugawane sawa na kijiji kisicho na hata tembo mmoja?

Hili ndilo lalamiko linalozivuruga jumuiya kuliko simba na tembo. Kijiji cha Minjingu kimepinga kuwamo katika Burunge kwa miaka, na mapato ni sehemu ya hoja. Kugawana sawa kuna sababu yake: kijiji kisicho na kambi huenda ndicho kilichoacha ushoroba (njia ya kupita wanyama) wazi, na kikiufunga kwa mashamba wanyama hawafiki kwenye kambi yenu. Lakini si lazima iwe sawa kwa sawa. Katiba inaweza kutenga fungu la kugawana sawa na fungu jingine kwa kuzingatia ukubwa wa ardhi iliyotolewa au hasara ya mazao. Bishaneni juu ya hilo kabla ya mwekezaji kuja. Pesa ikishaanza kuingia hakuna kijiji kitakachokubali kupunguziwa.

Mwekezaji ameleta mkataba. Tuangalie nini?

Angalieni kwanza kama kuna malipo ya chini ya uhakika kwa mwaka. Mkataba wa "dola kadhaa kwa kila kitanda kilicholaliwa" bila kiwango cha chini unawaachia hasara yote ninyi. Mwaka 2020 watalii walipokosekana kwa ajili ya korona, jumuiya zilizotegemea idadi ya vitanda peke yake ziliona jambo hilo wazi. Angalieni sarafu na tarehe ya malipo, nani anahesabu wageni na kwa kitabu gani, muda wa mkataba, na kifungu cha kuuvunja akikaa mwaka mzima bila kujenga. Ajira za vijana ziandikwe kwa idadi na aina ya kazi. Maneno "atatoa kipaumbele kwa wenyeji" hayadaiwi mahakamani.

Mwekezaji hapati hati ya ardhi kwa mkataba huu, na ujenzi unahitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mkataba uwe na tafsiri ya Kiswahili iliyosomwa kwenye mkutano, na useme ni lugha ipi itakayotawala kukitokea tofauti. Mwanasheria wa wilaya aupitie kwa maandishi.

Askari wa vijiji wanapatikanaje?

Kijiji huteua vijana wake, hupitishwa na mkutano, kisha hupelekwa mafunzoni. Chuo kilichojengwa kwa kazi hii ni Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo. Pasiansi, Mwanza, nacho hutoa mafunzo ya uaskari wa wanyamapori. Askari wa kijiji hufanya doria, hung'oa mitego ya nyaya, huandika alama za wanyama na kusindikiza watalii wa miguu. Anapokamata mtu lazima amfikishe kituo cha polisi mara moja. Kumtoza faini porini na kumwachia ni rushwa, hata kama pesa imefika kwenye jumuiya.

Tembo wanaingia mashambani. Tufanye nini?

Hakuna njia moja inayotosha, na tembo hujifunza. Kinachofanya kazi ni kupanda ngazi pole pole, mkiwa kikundi, mkianza mapema jioni. Vikundi vingi vya kaskazini hutumia zana nne kwa mpangilio: tochi kali inayomweka, honi ya gesi, kifurushi cha pilipili na mchanga kinachopasuliwa kwa fataki, na mwisho fataki za kurusha hewani. Ukianza na fataki kila siku, baada ya wiki chache tembo hawazijali tena na huna kingine cha kutumia. Mwachieni njia ya kurudia porini. Kundi lililozungukwa pande zote ndilo linaloua watu. Msimkaribie tembo akiwa na ndama, na mlevi asipewe zamu.

Uzio wa pilipili ni kamba ya mkonge iliyofungwa kwenye nguzo, ikaning'inizwa vipande vya nguo vilivyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali ya kusaga. Oili inashikilia pilipili mvua isiioshe haraka, na harufu ndiyo inayomkera tembo. Kamba yenyewe haimzuii. Uwekeni mita chache nje ya mazao, maana mkonga wa tembo unafika mbali. Pakeni upya kila baada ya wiki mbili au tatu, na mara moja baada ya mvua kubwa. Unaposhindwa, sababu huwa ni moja kati ya mbili: watu waliacha kupaka mahindi yalipoanza kukomaa, yaani hasa wakati unaohitajika, au shamba moja katikati halikuwekwa uzio na tembo wakapitia hapo.

Uzio wa mizinga, uliojaribiwa sana Sagalla karibu na Tsavo nchini Kenya, huning'iniza mizinga kila baada ya mita 10 ikiunganishwa kwa waya, hivyo tembo akigusa waya mizinga yote inatikisika. Kila mzinga wa pili unaweza kuwa wa bandia. Unahitaji nyuki ndani. Mizinga mitupu ni mapambo. Weka maji karibu kiangazi, la sivyo makundi yanahama.

Kifuta jasho na kifuta machozi kinalipwaje?

Kifuta jasho ni cha mazao au mifugo, kifuta machozi ni cha jeraha au kifo. Hivi si fidia. Kanuni za 2011 zinaviita malipo ya kuwapa watu pole, ndiyo maana kiasi hakilingani na hasara. Kwa mazao, kwa kanuni hizo, kiwango kinapanda kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, malipo hayazidi ya ekari tano, na shamba lililo ndani ya nusu kilomita halilipwi chochote. Ulizeni wilayani viwango vya sasa.

Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, kabla hamjavuna mabaki wala kuondoa mzoga. Ofisa lazima aone alama. Pigeni picha zenye unyayo na kitu cha kulinganisha ukubwa, kama kiatu au jembe. Dai hukataliwa mara nyingi kwa sababu shamba liko ndani ya ushoroba au eneo lililotengwa, au kwa sababu ofisa alifika baada ya mvua na hakuona kitu.

Mtalii anaweza kufanya nini kwenye WMA ambacho hifadhi ya taifa inabana zaidi?

Kutembea kwa miguu na askari mwenye silaha, kuendesha gari usiku kwa taa maalumu, kupanda baiskeli, kulala kambi ndogo za kuhamahama, kukaa na wafugaji. Hapo ndipo soko lenu lilipo. Usishindane na Serengeti kwa idadi ya simba. Tozo ya WMA ni tofauti na kiingilio cha TANAPA, na risiti moja haifuti nyingine. Dereva anayesema "nimeshalipa getini" aonyeshwe ubao wenye mchoro wa mpaka.

Kambi isiwekwe kwenye korongo la mchanga hata kama limekauka miezi sita, kwa sababu mvua ya milimani hufika usiku bila onyo. Isiwekwe pia juu ya njia ya viboko. Chakula na sabuni zenye harufu visikae ndani ya hema, na viatu viingizwe ndani, maana fisi huvibeba.

Sisi ni kikundi cha vijana, kijiji chetu hakina WMA. Tunaweza kuanzisha utalii?

Ndiyo, kupitia utalii wa utamaduni, ulioanza miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV na sasa unaratibiwa na Bodi ya Utalii Tanzania. Mto wa Mbu na Ng'iresi ni mifano ya zamani. Sajilini kikundi au kampuni, pateni leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na muwe na waongozaji wenye leseni. Sheria hiyo inahifadhi uongozaji wa watalii na upandishaji milima kwa Watanzania, kwa hiyo hapa ninyi ndio wenye nafasi.

Andikeni bei kwa mchanganuo: mwongozaji, mpishi, familia inayotembelewa, mfuko wa kijiji. Mgeni akiona mfuko wa kijiji kwenye risiti hubishana kidogo. Na familia zipangwe kwa zamu. Boma moja linalotembelewa kila siku huchoka, na jirani zake huanza kufunga njia.

Kenya wanafanyaje?

Huko hifadhi za jamii zinatambuliwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na zina chama chao cha kitaifa, KWCA. Maeneo ya Mara, kama Naboisho, kila mwenye hati ya shamba hukodisha ardhi yake na kulipwa yeye mwenyewe kwa ekari. Ni wazi zaidi kuliko kupitia kijiji, lakini asiye na hati, ambaye mara nyingi ni mwanamke au kijana, hana fungu. Fidia ya kifo kwa sheria yao ni shilingi za Kenya milioni 5, kiasi kikubwa sana, ila familia zimesubiri malipo kwa miaka.

Nataka kuona hesabu za jumuiya yetu. Nianzie wapi?

Anza na mwakilishi wa kijiji chako kwenye jumuiya, kwa barua, ukitaja mwaka na nyaraka unazotaka: taarifa ya mapato na matumizi, taarifa ya benki na mkataba wa mwekezaji. Kama hakuna jibu, omba ajenda hiyo iwekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa kawaida hukaa kila miezi mitatu. Swali la kuuliza hadharani ni moja: kijiji chetu kilipokea shilingi ngapi, tarehe gani, kwenye akaunti ipi? Majibu yakikinzana na yale ya kijiji jirani, peleka muhtasari wa mikutano yote miwili kwa ofisa wanyamapori na nakala kwa Mkuu wa Wilaya.